Kinanda cha Betri na Spika za Honi

Mchiriku haukudai vitu vingi. Kinanda kidogo cha Casio, kile cha kupakata mapajani. Ngoma chache za mkono na za fimbo. Amplifaya iliyokwisha kupita kwa mafundi mpaka kifuniko chake kikapotea. Na spika za honi, zile zenye mdomo mpana zinazofungwa juu ya misikiti na kwenye magari ya matangazo. Mwenye vitu hivyo, katika miaka ya 1990, aliweza kukesha na mtaa mzima Temeke, Tandika au Mbagala, na vivyo hivyo upande wa pili wa jiji, Mwananyamala na Manzese. Kulikuwa na mwali anatolewa, au harusi, au kigodoro tu cha watu waliochangishana. Waliokuwa mbali walijua shughuli iko wapi kwa kufuata mlio.

Na mlio wenyewe si wa kusahaulika. Kinanda kile kilitengenezwa ili mtoto ajifunzie nyimbo nyepesi sebuleni. Spika yake ya ndani haivuki hata baraza. Wapiga mchiriku waliunganisha waya hadi kwenye amplifaya na kufungua sauti mpaka mwisho. Sasa amplifaya inapodaiwa nguvu isiyokuwa nayo, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa: wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo hutoka bapa, na ule ubapa huzaa milio mipya ya juu ambayo haikuwamo kwenye kinanda. Kisha mlio huo unaingia kwenye spika ya honi, ambayo iliundwa kupeleka maneno ya mtu mbali na kwa hiyo haina besi. Inachagua sauti za kati na za juu, inazirusha. Muziki unaomfikia msikilizaji nyumba ya kumi ni mkali, umekwaruzika, una kutu. Ngoma zinakimbia chini yake, na mwimbaji anapaza sauti katikati ya vyote hivyo akisimulia maisha ya uswahilini: ndugu waliokosana, mapenzi, kukosa kazi, dawa za kulevya, kifo.

Wengi waliuita kelele, na waliosema hivyo hawakuwa na nia ya kuusifu. Uliitwa muziki wa wahuni. Redio haikuupiga. Nami nataka kueleza hapa jinsi kelele ile ilivyo na ukoo mrefu kuliko inavyodhaniwa, ukoo unaoanzia kwenye mitungi ya nta ya Wajerumani na kufika kwa vijana wa Nairobi ambao siku hizi hutunga muziki mtulivu wa elektroniki kwa piano, mivumo ya umeme na sauti walizonasa njiani. Historia ya muziki wa mashine katika nchi zetu husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza juzi, kompyuta zilipofika. Sikubaliani na simulizi hiyo.

Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa, Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alifika kusini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Alitoka Lindi akapanda hadi Masasi na Newala, na mizigo ya wapagazi wake ilikuwa na kamera ya filamu na fonografu. Chombo hiki cha mwisho kilinasa sauti kwa kuichora: mwimbaji aliimba karibu na mdomo wa tarumbeta, mtetemo wa sauti yake ukatikisa sindano, sindano ikakwaruza mfuo kwenye mtungi wa nta unaozunguka. Mtungi ulibeba dakika mbili au tatu tu. Hakukuwa na umeme wowote katika kazi hiyo. Ngoma hazikunaswa vizuri, kwa sababu tarumbeta ilipokea tu kilichokuwa mbele yake, na nta haipendi joto. Rekodi za aina hii zilipelekwa kwenye hifadhi za Ujerumani, kubwa zaidi ikiwa ile ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900 na mwanasaikolojia Carl Stumpf.

Anayesikiliza mtungi wa nta leo husikia kwanza mashine. Kuna mchakacho wa sindano, kuna mzunguko unaoyumba, na nyuma kabisa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, kuna mwimbaji. Katika rekodi nyingi za zama zile lebo inataja kabila na mahali, na jina la mwimbaji halimo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sauti yetu ilipoingia kwenye mashine, iliingia pamoja na kelele ya mashine, na ikaondoka na mwenye mashine.

Miaka ikapita. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Unguja walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani zile zikauzika mwambao mzima; hiyo ilikuwa biashara, na angalau jina la mwimbaji lilikuwa mbele. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda akirekodi ngoma na nyimbo za vijijini. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alikuwa msikilizaji hodari, na bila yeye tungekosa mengi. Lakini kanda zilikwenda kusini naye. Wakipsigisi wa Kenya walisubiri hadi mwaka 2015 ndipo rekodi zao za 1950 zikarudishwa kijijini, na baadhi ya walioimba walikuwa bado hai.

Hapa nitoke nje kidogo ya Afrika Mashariki, kwa sababu kuna kisa cha Kairo ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya wa chuma, akaenda kunasa sauti za wanawake kwenye sherehe ya zari, ile ya kupunga pepo. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa sherehe ya namna hiyo ni ipi. Kisha akaingia kwenye studio ya redio na kufanya jambo jipya: akaondoa sauti za msingi, akaacha milio ya juu tu inayotokana nazo, akaipitisha kwenye mwangwi, akatengeneza kipande cha muziki kutokana na kivuli cha uimbaji ule. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alirekodi garimoshi katika stesheni moja ya Paris, akaunganisha vipande, na vitabu vingi vikamtaja yeye kuwa baba wa sanaa hiyo. Schaeffer anastahili heshima yake. Ila kazi ya Kairo ilitangulia, na ilitokana na ngoma ya Kiafrika. Brian Eno wa Uingereza alipotoa mwaka 1978 albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege na kuupa mtindo huo jina la ambienti, yaani muziki wa kuwa nao chumbani bila kukulazimisha kuusikiliza, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Turudi Dar es Salaam. Matangazo ya redio yalianza hapa mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kuanzia 1965 yakawa Radio Tanzania. Majengo ya redio kando ya Barabara ya Pugu, inayoitwa sasa Barabara ya Nyerere, pembezoni mwa Temeke, ndiyo yaliyokuwa studio ya taifa. NUTA Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park na bendi nyingine nyingi ziliingia mle na kurekodi kwenye kanda kubwa za mkanda wa sumaku. Hakukuwa na kiwanda cha kuchapa sahani nchini. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi. Kwa hiyo redio ilikuwa ndiyo studio, ndiyo soko, na ndiyo ghala. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Hazina iliyobaki kwenye rafu zile ni kubwa mno, na fahari yake haina mjadala. Lakini wanamuziki waliondoka, kanda ikabaki ndani, na yale ambayo hayakupita mlangoni hayakurekodiwa kabisa. Mdundiko wa Wazaramo uliokuwa ukipita mitaani Temeke, umati ukiufuata kwa miguu, haukuwa muziki wa studio.

Kilichobadili mambo ni bidhaa. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa watu binafsi kuingiza mali kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 mlango ukaachwa wazi. Ndiyo maana wananchi walimwita Mzee Ruksa. Pamoja na mitumba na baiskeli zikaja redio kaseti, amplifaya, spika, na vinanda vidogo vya Kijapani ambavyo Casio ilikuwa ikivitengeneza tangu mwaka 1980. Gitaa la umeme, ngoma za kizungu na tarumbeta za bendi ya dansi vilikuwa mali ya shirika au ya tajiri. Vijana walivipiga kama waajiriwa. Kinanda cha betri kilikuwa cha kijana mwenyewe. Na umeme ulipokatika, kiliendelea.

Hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchiriku ulizaliwa kutoka ngoma za Wazaramo na chakacha za harusini, kinanda kikichukua nafasi ya sauti za juu. Sioni kwamba ukwaruzi ule ulikuwa upungufu uliovumiliwa tu. Mwanzoni huenda vifaa vilikuwa vibovu na hapakuwa na fedha ya vingine. Lakini wapigaji waliusikia wakaupenda, wakaujengea nyimbo, na walipopata vifaa bora hawakuuacha. Albamu ya kundi la mchiriku la Jagwa Music iliyotolewa Ubelgiji mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs, kwa jina la Bongo Hotheads, ina kinanda kilekile kilichokwaruzika, sasa kimerekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Wasikilizaji wa Ulaya waliozoea muziki wa kelele unaotoka kwenye kumbi za sanaa walisikia humo kitu walichokijua. Kilichowashangaza ni kwamba kilikuwa kimekomaa kwenye harusi, watu wakicheza, bila mtu kuandika tamko lolote kuhusu sanaa.

Kaseti ndiyo iliyokuwa redio ya mchiriku. Shughuli ilirekodiwa, kaseti ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, na kila nakala iliongeza uvumi wake wa utepe. Daladala za Mbagala na Tandika zilizipiga. Radio One ilipoanza mwaka 1994 na vituo binafsi vikafuata, ni muziki wa kizazi kipya ulioingia hewani. Mchiriku ukabaki mtaani.

Kutoka hapo hadi singeli ni hatua fupi. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, wakati huo yote ikiwa Kinondoni, na Mbagala pia, ma-DJ wa vigodoro walianza kukata sekunde chache za taarabu ya kisasa, ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji amenyamaza na kinanda kinacheza peke yake. Kipande kile kilizungushwa bila kukoma na kuharakishwa. Ukiharakisha sauti bila kuizuia, inapanda pia: kinanda kinakuwa chembamba, kinalia kama kengele ya tahadhari. MC akasimama juu yake na maneno yanayokwenda kasi kama bunduki. Mapigo yakafika 200 kwa dakika, yakapita, mengine yakakaribia 300. Kompyuta ya mezani na programu ya FL Studio vilitosha. EFM, redio ya Dar iliyoanza 2014, iliwapa nafasi hewani, mwimbaji Msaga Sumu akaitwa mfalme wa singeli, na mwaka 2016 mwenzake Man Fongo akasikika nchi nzima.

Tawi lingine la singeli halikuimba sana. Mburahati, Mohamed Hamza Ally, anayejulikana kwa jina la Sisso, aliendesha studio ndogo ambamo watayarishaji kama Bamba Pana na Jay Mitta walisukuma mashine hadi ukingoni. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala iliyotokana na tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015, ilitoa mkusanyiko wao kwa jina la Sounds of Sisso. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke wa Pamoja Records mwaka 2019, na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Mwaka 2024 Sisso na mpiga kinanda Maiko walitoa Singeli ya Maajabu. Ukiisikiliza hiyo ya mwisho kwa makini utamsikia babu yake bila shida: kinanda kinachopigwa kwa vidole, kikiwa kimekwaruzika.

Nairobi, kwa wakati uleule, ilikuwa ikisikiliza upande mwingine. Joseph Kamaru, kijana anayetumia jina la KMRU, alianza kutembea na kinasa sauti: masoko, matatu, mvua kwenye mabati, ndege. Jina lake alirithi kwa babu yake, mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki Oktoba 2018, na mjukuu huyo amekuwa akizitoa upya kazi za babu. Albamu yake ya Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego, lebo ya Ulaya. Haina ngoma. Sauti alizonasa zimenyooshwa na kulazwa juu ya mivumo mirefu mpaka huwezi kusema hii ni barabara au hii ni bahari. Alikwenda Berlin kusomea sanaa ya sauti, na huko akaona tofauti ambayo baadaye aliifanyia albamu nzima, Natur, ya mwaka 2024: usiku wa Nairobi una umeme unaosikika, wakati katika usiku wa Ulaya umeme umefichwa. Kazi hiyo hutumia vinasa vyenye koili ya waya ambavyo havisikii hewa bali uga wa sumaku. Ukivisogeza karibu na transfoma, simu au taa, unasikia mngurumo ambao sikio la kawaida haliupati.

Kazi yake inayonigusa kuliko zote ni Temporary Stored, ya mwaka 2022. Humo alichukua rekodi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, zile zilizonaswa na watu wa zama za ukoloni, akazisuka na sauti zake mwenyewe. Mchakacho wa mashine ya zamani hakuufuta. Anauacha usikike kama sehemu ya ushahidi, kisha anaingiza mivumo yake chini yake, na waimbaji wasiotajwa majina wanapita katikati. Baadaye aliwaalika wengine kufanya vivyo hivyo katika mkusanyiko wa pili, na mmoja wao alikuwa Nyokabi Kariũki.

Nyokabi ndiye aliye karibu zaidi na piano. Ni mtunzi wa Nairobi aliyesomea New York, na kazi yake peace places: kenyan memories ya mwaka 2022 ilitungwa wakati wa janga la Uviko akiwa mbali na nyumbani. Alirudi kwenye sauti alizokuwa amezihifadhi: shamba la bibi yake, sauti za ndugu, na ufukwe wa Galu karibu na Diani, ambao ndio jina la kipande kimojawapo. Kuna Kikikuyu, kuna Kiswahili, kuna Kimaasai. Kuna kipande chenye neno ngurumo katika jina lake, na jina hilohilo linataja mbuzi kulishwa maembe. Piano yake haitawali; inakaa kando ya sauti hizo na kuzijibu. Mwaka uliofuata alitoa FEELING BODY, kuhusu mwili uliougua Uviko na usipone haraka. Hapo sauti za kupumua na za maji zinafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na ngoma.

Mtu anaweza kuuliza utulivu huu una uhusiano gani na kigodoro cha Tandika. Mimi nauona wazi. Katika pande zote mbili mtungaji amekataa kuitenga sauti ya ala na sauti ya mahali ilipo. Mpiga mchiriku hakusafisha waya wake. KMRU hakusafisha rekodi za Tervuren. Na katika pande zote mbili mashine iko mkononi mwa mtu wa mahali penyewe, jambo ambalo halikuwa kweli mwaka 1906 wala 1950, na ndani ya jengo la Barabara ya Pugu lilikuwa kweli nusu tu.

Tofauti iliyopo ni ya hifadhi. Mitungi ya nta inatunzwa Berlin kwenye vyumba vyenye hewa kavu. Kanda za Tracey zina namba na katalogi. Singeli ya Mburahati ina lebo ya Kampala, na kazi za Nairobi zina lebo za Ulaya. Mchiriku wa miaka ya 1990 uko kwenye kaseti, na kaseti nyingi ziko majumbani, kwenye masanduku na mifuko ya rambo, katika jiji lenye joto na unyevu wa bahari. Ukungu huota kwenye utepe, na utepe uliokaa miaka thelathini bila kuzungushwa hushikamana. Kuihamisha kaseti moja kwenye kompyuta hakuna fumbo: inahitajika deki inayofanya kazi, waya mmoja, pamba ya kusafishia kichwa cha deki, na subira, kwa kuwa kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60. Waliopiga wengi wao sasa ni watu wa makamo, wako Yombo, Buza, Mtoni na Mbagala, na wanaweza kukaa na msikilizaji na kumwambia nani alikuwa kwenye kinanda, nani kwenye ngoma, shughuli ilikuwa ya nani na mwaka gani. Hayo yaandikwe kwenye jalada la kaseti kwa kalamu ya wino usiofutika, jina la mpiga kinanda likianza.